Toru Takemitsu: Mtunzi Aliyeukimbia Muziki wa Kwao

Miongoni mwa Wajapani walioitungia okestra katika karne ya 20, ni vigumu kumtaja aliyevuma ulimwenguni kumzidi Toru Takemitsu. La ajabu ni kwamba kazi iliyomjengea jina zaidi imeegemea ala za jadi ambazo ujanani hakutaka hata kuzisikia.

Alizaliwa Tokyo tarehe 8 Oktoba 1930, akapelekwa Dalian nchini Uchina akingali mchanga, kisha akarejeshwa Japani mwaka wa 1938 ili aanze shule. Mwaka wa 1944, hata utu uzima hajaunusa, aliingizwa katika kazi za jeshi kwenye kambi ya mlimani. Muziki wa Magharibi ulikuwa umepigwa marufuku. Hata hivyo, afisa mmoja aliwachezea vijana wale santuri ya Lucienne Boyer, mwimbaji wa Kifaransa. Wimbo huo wa mapenzi ulimteka Takemitsu. Tangu hapo muziki wa kigeni ukawa kwake ndio uhuru, ilhali ule wa jadi ulimkumbusha vita na uchungu wake.

Vita vilipokwisha alijifunza utunzi karibu peke yake, akisikiliza redio ya majeshi ya Marekani. Piano hakuwa nayo. Alibisha kwenye nyumba za watu asiowajua akiomba kupiga ya kwao. Mwaka wa 1950 utunzi wake wa piano ulipochezwa hadharani, mhakiki mmoja aliandika kwamba huo haukuwa umefikia hata kuitwa muziki. Takemitsu aliingia sinema, akalia gizani.

Mwaka wa 1957 alitunga Requiem for Strings, maombolezo ya ala za nyuzi, akimkumbuka mtunzi Fumio Hayasaka aliyefariki mwaka wa 1955. Igor Stravinsky, alipoizuru Japani mwaka wa 1959, aliusikia utunzi huo kwa bahati tu, akausifu. Milango ya ughaibuni ikafunguka.

Lakini aliyemrudisha nyumbani alikuwa mgeni mwingine. Mmarekani John Cage, aliyekuwa amevutiwa na falsafa ya Zen, alimfanya auone upya urithi wa kwao. Aidha, maigizo ya vikaragosi ya bunraku yalikuwa yamekwisha kumgutusha kwa muziki wake.

Tunda la marejeo hayo ni November Steps, iliyochezwa mara ya kwanza New York mwezi Novemba 1967 chini ya uongozi wa Seiji Ozawa, kuadhimisha miaka 125 ya okestra ya mji huo. Mbele ya okestra waliketi wapigaji wawili: mmoja wa shakuhachi, filimbi ya mwanzi, na mwingine wa biwa, ambayo ni jamaa wa mbali wa udi wetu wa taarab. Mtunzi dhaifu angaliwachanganya na okestra hadi tofauti ifutike. Takemitsu hakufanya hivyo. Upande mmoja hunyamaza ili mwingine usikike, na kwa kitambo kirefu okestra nzima hukaa kimya huku hao wawili wakijibizana. Kwa maoni yangu, kimya hicho ndicho kiini cha utunzi wenyewe.

Alitungia pia filamu nyingi. Katika Ran ya Akira Kurosawa ya mwaka wa 1985, ngome hushambuliwa pasipo kusikika mlio wa bunduki wala kilio. Ni okestra yake tu inayoomboleza.

Takemitsu alifariki Tokyo tarehe 20 Februari 1996. Mwaka uliofuata ulifunguliwa mjini humo ukumbi wa muziki unaomkumbuka kwa jina lake.