Jacob Perkins

Jacob Perkins (9 Julai 1766 – 30 Julai 1849) alikuwa mvumbuzi na mhandisi kutoka Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kupata hataza ya kwanza ya mashine ya kupoza inayofanya kazi kwa kugandamiza mvuke, mwaka 1834. Friji nyingi za nyumbani hadi leo hufuata mpango huohuo.

Maisha ya awali

Perkins alizaliwa Newburyport, Massachusetts. Alijifunza kazi ya usonara, na bwana wake alipofariki aliendelea kuiendesha karakana akiwa bado kijana. Baadaye alibuni mashine ya kukata misumari na kuitia vichwa.

Noti na stempu

Alibuni pia njia ya kuchapa noti kwa mabamba ya feleji ili iwe vigumu kuzighushi. Mwaka 1819 alihamia Uingereza akitumaini kuchapa noti za Benki ya Uingereza. Hakupewa kazi hiyo, lakini alibaki London na kuanzisha kampuni ya uchapaji. Mwaka 1840 kampuni hiyo ilichapa Penny Black, stempu ya kwanza ya posta yenye gundi.

Mashine ya kupoza

Wazo la mashine ya namna hii lilikuwa limeelezwa na Mmarekani Oliver Evans mwaka 1805. Perkins alilipa umbo kamili: mzunguko uliofungwa ambamo kiowevu kilekile hutumika tena na tena. Alichagua etha, ambayo huchemka kwa urahisi.

Mashine ilikuwa na sehemu kuu nne. Katika chombo cha kwanza etha ilichemka na kuchukua joto la vitu vilivyokizunguka. Pampu ilivuta mvuke wake na kuugandamiza. Mvuke ulipita katika bomba lililozungukwa na maji, ukapoa na kuwa kiowevu tena. Kisha vali ilikirudisha kiowevu katika chombo cha kwanza.

Vali hiyo ilitenganisha upande wa shinikizo kubwa na ule wa shinikizo dogo. Kiowevu kikipita kidogo mno, sehemu ya kupozea hubaki karibu tupu na baridi hupungua. Kikipita kingi mno, shinikizo hupanda, kiowevu huchemka kwenye joto la juu zaidi, na kingine huweza kufika kwenye pampu kabla ya kuwa mvuke na kuiharibu. Katika friji nyingi za nyumbani kazi hiyo hufanywa na mrija mwembamba sana wa shaba. Urefu na wembamba wake ndio hupima kiasi cha kiowevu kinachopita, na kwa hiyo kiasi cha gesi kinachojazwa lazima kilingane nao.

Fundi John Hague aliunda mashine kwa kufuata hataza hiyo, nayo ikatoa barafu kidogo. Hata hivyo, haikuingia sokoni. Wakati huo barafu ya asili ilivunwa katika maziwa wakati wa baridi na kuuzwa mijini.

Kifo na urithi

Perkins alifariki London akiwa na umri wa miaka 83, kabla uvumbuzi wake haujaleta faida. Katika miaka ya 1850 James Harrison, aliyeishi Australia, alitumia etha na mzunguko wa aina hiyo kutengeneza barafu kwa ajili ya biashara.