Henri Abraham: Mwanafizikia aliyeyapa mawimbi ya redio kipimo

MSAFIRI anayetoka Embu kuelekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu huziona taa za ishara za matatu zikiwaka na kuzimika kila gari linapokata kona. Dereva huziwasha mara moja tu. Baada ya hapo hujiendesha zenyewe. Katika magari mengi kazi hiyo hufanywa na saketi ndogo ya kielektroniki, ya ukoo mmoja na ile iliyobuniwa na Mfaransa Henri Abraham.

Abraham alizaliwa Paris mwaka wa 1868, akawa profesa wa fizikia katika chuo cha École Normale Supérieure jijini humo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, alifanya kazi chini ya Gustave Ferrié, mkuu wa mawasiliano ya redio jeshini, na kusaidia kuunda valvu za redio za Ufaransa.

Hata hivyo, mawimbi ya redio hutetemeka upesi mno, na kuyapima kwa uhakika kulikuwa kugumu. Akishirikiana na Eugène Bloch, Abraham aliunganisha valvu mbili kwa kapasita. Moja inapopitisha umeme, nyingine hufungwa. Chaji ya kapasita inapopungua kupitia rezista, zamu hubadilika, na mzunguko huo haukomi. Mapigo yake hubeba mitetemo mingi ya kasi zaidi, yote ikiwa mafungu kamili ya ule wa msingi. Kwa kuulinganisha wa msingi na uma wa sauti unaojulikana kipimo, mawimbi ya redio nayo yakapimika. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1919.

Baadaye transista zilichukua nafasi ya valvu. Rezista mbili za omu 50,000 na kapasita mbili za maikrofaradi 10 hutoa mzunguko wa takriban sekunde 0.7, unaofaa taa ya ishara. Thamani hizo zikipunguzwa sana, saketi iyo hiyo hutoa mlio wa king'ora.

Taifa alilolitumikia vitani halikumkinga. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, Abraham alikamatwa mwaka wa 1943 na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, alikouawa akiwa na umri wa miaka 75. Bloch aliuawa huko huko mwaka wa 1944.