Vivien Thomas, seremala aliyewaonyesha madaktari moyo wa mtoto

Mzazi akiambiwa mtoto wake ana tundu la moyo, hutaka kujua kama atapasuliwa mara moja yaishe, au mara mbili. Swali hilo ni la zamani, na katika kisa chake yumo mtu ambaye hakuwahi kusomea udaktari.

Vivien Thomas alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1910. Babake alikuwa seremala, naye akashika randa huku akidunduliza pesa za kusomea udaktari. Uchumi ukaanguka. Mwaka 1930 akapata kazi katika maabara ya Dkt. Alfred Blalock huko Nashville, na baadaye benki ikafilisika na akiba yake ikaenda nayo. Kazi yake maabara ilikuwa utafiti, lakini kwa kuwa alikuwa mweusi, alilipwa mshahara wa mfagiaji.

Mwaka 1941 walihamia Johns Hopkins, Baltimore. Huko Dkt. Helen Taussig alikuwa akiwatibu watoto wanaogeuka buluu midomo na kucha. Moyo wao una tundu kati ya vyumba viwili vya chini, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba, kwa hivyo damu inazunguka mwilini bila hewa ya kutosha. Taussig alitaka damu ipelekwe mapafuni kwa njia nyingine, kama fundi anavyobadilisha mabomba ya maji.

Thomas ndiye aliyehangaika maabara, akiwapasua mbwa wapatao 200, hadi ikawezekana kuunga mshipa unaokwenda mkononi na ule wa mapafu. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15. Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma yake, akimwelekeza mshono kwa mshono. Mtoto yule alifariki miezi kadhaa baadaye, lakini wengi waliomfuata waliishi.

Hata hivyo, tundu lilibaki pale pale. Mwaka 1954, huko Minnesota, Walton Lillehei aliufungua moyo wenyewe, akaziba tundu na kupanua njia, huku damu ya mtoto ikizungushwa kupitia mwili wa mtu mzima. Yaani roho mbili hatarini kwa upasuaji mmoja! Baadaye mashine ikachukua nafasi ya mtu huyo.

Siku hizi watoto wengi hutengenezwa moyo moja kwa moja, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka. Wengine huhitaji vali mpya ukubwani. Lakini kichanga dhaifu, au mwenye mishipa midogo mno ya mapafu, bado huenda akaanzishiwa njia ya Thomas, sasa kwa mrija mdogo wa plastiki, ili apate muda wa kukua. Kwa hivyo daktari akisema mara mbili, mzazi asidhani mwanawe amepewa tiba ya kizamani.

Mwaka 1976 Johns Hopkins ilimtunuku Thomas shahada ya heshima ya udaktari, lakini ya sheria, si ya tiba. Alifariki 1985. Upasuaji ule uliitwa kwa majina ya Blalock na Taussig. La Thomas limeanza kuongezwa miaka ya karibuni tu.