Apolo Kivebulaya, Msomaji wa Mboga

Mtu atokaye Kerende akaenda upande wa magharibi hufika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Na akiyavuka maji hayo kuelekea kaskazini-magharibi huingia Buganda. Katika nchi hiyo, kadiri ya mwaka 1864, alizaliwa mtoto pacha ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Apolo.

Ujanani alikuwa askari, akapigana katika vita vya siku zile. Mwaka 1891 alifuatana na majeshi ya Lugard mpaka Toro. Halafu akaanza kusoma. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa Basomi, maana yake Wasomaji, kwa kuwa mtu hakubatizwa upesi kabla hajajua kuisoma Injili. Apolo alibatizwa mwaka 1895. Watu walimwongezea jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu la askari alilolivaa pamoja na kanzu yake.

Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896, kazi ya Pilkington na Henry Wright Duta. Ilikuwa nene na nyembamba ya ubavu, umbo la ajabu kidogo, ili iingie katika mkebe wa biskuti na kuokoka na mchwa. Mwenye nayo aliifungua asubuhi, akasoma sehemu ya siku ile, akaifunga tena ndani ya mkebe.

Mwaka uo huo wa 1896 Apolo alipelekwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, nyuma ya milima ya Ruwenzori. Waalimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, nao wameshindwa na shida. Apolo alilima shamba ili apate chakula chake mwenyewe, akajenga nyumba ya sala, akafundisha herufi kwa yeyote aliyetaka. Lakini Tabaro, mtawala wa Mboga, hakupendezwa. Mafundisho hayo yalikataza ulevi na wake wengi. Mwalimu akapigwa, na watu wakakatazwa kumsaidia.

Ndipo ikatokea bahati mbaya. Mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki wa Apolo, akafa. Apolo alishitakiwa kuwa mwuaji, akafungwa, akapelekwa kwa serikali katika boma la Toro, mahali paitwapo sasa Fort Portal, akatiwa gerezani. Baadaye ilionekana kwamba hana hatia, akafunguliwa.

Sasa njia zilikuwa mbili mbele yake. Upande wa mashariki kulikuwa na Buganda, kwao, kwenye rafiki na amani. Upande wa magharibi kulikuwa na Mboga, kwenye fimbo. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kurudi kwao. Ni nani angeweza kumwambia kwa hakika Mungu ataka nini?

Apolo mwenyewe alisimulia kwamba, katika siku zile za taabu, alipokuwa akiwaza kuwaacha watu wa Mboga, alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamtia moyo, akamwahidi kuwa pamoja naye. Watu hupenda sana kuisimulia habari hiyo ya maono, nao hufanya vema. Lakini inafaa kuangalia neno moja ambalo husahauliwa. Ahadi ile haikuwa ngeni masikioni mwake. Imeandikwa mwishoni mwa Injili ya Mathayo, katika kitabu alichokwisha kukisoma kabla ya taabu kumpata. Mtu asiyesoma, je, angeitambua sauti ile ni ya nani?

Akashika njia ya magharibi. Alifika Mboga, akapiga ngoma ya sala, akawakusanya wasomaji wachache waliobaki, akaendelea nao. Hakumlipiza Tabaro kisasi. Siku zikapita, na Tabaro mwenyewe akaja kusoma pamoja na wengine, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Hakuoa, mchumba wake alikufa, naye hakutafuta mwingine. Kwa miaka mingi alitumwa kufanya kazi Toro, na katika muda huo mpaka uliwekwa, Mboga ikawa chini ya Kongo ya Wabelgiji. Lakini alirudi tena Mboga.

Alipokuwa karibu na umri wa miaka 60, wakati ambao wengi hutaka kupumzika, aliingia katika msitu mkubwa wa Ituri kuwatafuta Wambuti, wawindaji wafupi wa kimo, ambao majirani zao waliwadharau. Kazi hiyo ilianza mwaka 1921. Alikaa nao na kujifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao, ili nao wasikie habari hizo kwa usemi wa nyumbani. Kazi ilikwenda polepole, kwa maana watu wa msituni huhama wakifuata nyama.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka kichwa cha maiti kielekezwe upande wa mashariki, uliko Uganda. Apolo alikuwa ameagiza namna nyingine, nao wakafanya kama alivyosema: walimzika kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, ambako kazi ilikuwa haijakwisha.