Mtakatifu Damien wa Molokai, ndugu ya wenye ukoma

Siku ya jubilei tunahesabu miaka ya parokia, nyumba zilizojengwa na watu waliobatizwa. Yafaa vilevile tujiulize ni nani asiye na kiti katikati yetu. Kwa sababu hiyo tunawaletea habari za padri ambaye parokia yake ilikuwa ya watu waliotupwa.

Jozef De Veuster alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye kuuza nafaka, akamtayarisha kwa kazi ya biashara. Lakini mwaka wa 1859 Jozef alimfuata ndugu yake mkubwa, Pamphile, katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria, mjini Leuven, akapewa jina la Damien. Pamphile alichaguliwa kwenda kuhubiri Injili katika visanga vya Hawaii, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Mwaka wa 1863, kabla ya safari, ugonjwa wa tifusi ulimwangusha. Damien, aliyekuwa hajapata upadri bado, aliwaandikia wakubwa wa shirika akiomba kwenda pahali pa ndugu yake, nao wakakubali. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na tarehe 21 Mei akapewa upadri.

Wakati ule ukoma ulikuwa ukienea Hawaii, wala haukuwa na dawa. Sheria ya mwaka wa 1865 iliamuru wagonjwa watengwe. Tangu 1866 walipelekwa katika kisanga cha Molokai, kwenye rasi ya Kalaupapa, inayozungukwa na bahari pande tatu na kufungwa nyuma na ukuta mrefu wa mlima. Mke alitengwa na mume, mtoto na mama. Huko walikuta vibanda vibaya na maji machache, na wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge. Wengi walikufa bila mtu wa kuwafumba macho.

Mwaka wa 1873 Askofu Louis Maigret aliona kwamba lazima wapate padri, lakini hakutaka kumlazimisha yeyote. Mapadri wanne walijitoa, wakapatana kwenda kwa zamu. Damien alitangulia, akafika tarehe 10 Mei, akiwa na umri wa miaka 33. Siku za kwanza alilala chini ya mti karibu na kanisa. Zamu yake haikwisha kamwe, maana aliomba abaki.

Mwanzoni harufu ya vidonda ilimshinda, akavuta kiko ili aivumilie. Wakubwa walikuwa wamemwonya asiwaguse wagonjwa. Lakini alitambua kwamba mtu anayeogopwa hawezi kusadiki kwamba anapendwa. Basi alikula nao katika bakuli moja poi, yaani majimbi yaliyopondwa mfano wa bukari. Aliwapa kiko chake, akafunga vidonda vyao, akatengeneza majeneza na kuchimba makaburi. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walishika kazi pamoja naye: walileta maji kwa mabomba, wakajenga nyumba, wakapanua kanisa la Mtakatifu Philomena. Yatima walipata makao. Kukawa na kwaya, fanfari, na chama cha kuzika wafu kwa heshima. Watu waliokuja kungoja kifo wakawa majirani.

Padri mwenyewe aliujua upweke. Siku moja mkubwa wake wa shirika alifika kwa meli, lakini kapteni alimkataza kushuka. Damien, akiwa katika mashua ndogo kando ya meli, aliungama dhambi zake kwa sauti mbele ya watu wote. Wala hakukosa kasoro: alikuwa mwepesi wa hasira, mgumu wa kushauriwa, na aliwachosha wakubwa kwa maombi yake.

Mwezi wa Desemba 1884 alitia miguu katika maji ya moto sana. Ngozi iliungua, naye hakusikia maumivu. Hapo alifahamu. Tangu zamani alikuwa akijihesabu katika mahubiri kati ya wenye ukoma. Sasa mwili wake nao ulishuhudia. Aliendelea na kazi. Joseph Dutton alikuja kumsaidia mwaka wa 1886, na Mama Marianne Cope pamoja na Masista wake mwaka wa 1888. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, akazikwa chini ya mti uleule. Mwaka wa 1936 mwili wake ulirudishwa Ubelgiji, lakini mwaka wa 1995 mkono wake wa kuume ulipelekwa tena Molokai, kwa watu aliowagusa. Papa Benedikto wa XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Sheria ya kutenga wagonjwa Hawaii ilifutwa mwaka wa 1969, na leo ukoma unapona kwa dawa. Lakini desturi ya kutenga watu haijapona. Yuko mjane anayesingiziwa uchawi. Yuko mtoto anayelala sokoni. Yuko mgonjwa ambaye kikombe chake huwekwa mbali na vingine. Pengine tumewapa nguo na chakula. Je, tumekula nao?

Mtakatifu Damien, utuombee.