Bibi Mary Reibey na Majina Yake Matatu

Wako watu wengi sana katika nchi ya Australia wanaotafuta habari za mababu zao waliotoka Uingereza. Hufungua madaftari ya makanisa, husoma orodha za merikebu na hukumu za mahakama za zamani, na mara nyingi kazi hiyo huwachukua miaka mingi. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za mwanamke mmoja ambaye mtu akimtafuta kwa njia hiyo hupotea njiani kwanza, kwa kuwa mwenyewe alijificha, tena alijificha kwa akili nyingi. Jina lake ni Mary Reibey, mfanya biashara mashuhuri wa mji wa Sydney.

Alizaliwa mwezi wa Mei 1777 katika mji wa Bury, jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza, akaitwa Mary Haydock. Yafaa tujue kwamba siku zile Serikali ya Uingereza haikuwa na ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Ofisi hiyo ilianza tarehe 1 Julai 1837 tu. Kabla ya hapo kazi ya kuandika ilikuwa juu ya makasisi, ambao tangu mwaka 1538 waliamriwa kuweka daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi katika kila mtaa wa kanisa. Basi mtu akitaka asili ya mhamiaji wa zamani, hana budi kwanza kujua ni mtaa gani aliobatizwa. Asipoujua mtaa, hana pa kuanzia.

Mary alikuwa yatima. Alilelewa na bibi yake katika mji wa Blackburn, usio mbali na Bury. Baada ya hapo aliwekwa kuwa mtumishi wa nyumbani, akatoroka. Aliponaswa, kabla hajatimiza miaka 15, alikuwa amevaa mavazi ya kiume, ana farasi asiye wake, na jina alilowapa wakubwa ni James Burrow. Kwa jina hilo akapelekwa mbele ya mahakama ya Stafford. Wengine wamesema kwamba ule ulikuwa mchezo wa kitoto tu, wala hakukusudia wizi. Huenda ikawa hivyo, lakini kuiba farasi halikuwa jambo dogo. Mpaka mwaka 1832 sheria ya Uingereza iliweza kumwua mtu kwa kosa hilo. Ndipo ikajulikana ya kuwa James Burrow si mvulana, naye akapewa adhabu ya kupelekwa ng'ambo kwa muda wa miaka saba.

Hapa ndipo watafutaji wengi wa nasaba wangekwama. Katika daftari la kanisa yumo msichana Haydock, na katika habari za mahakama yumo mvulana Burrow. Ni nani angewaza kuwa hao wawili ni mtu mmoja?

Niseme kidogo juu ya adhabu ile. Zamani Waingereza walikuwa wakiwapeleka wafungwa wao Marekani, lakini Wamarekani walipopigania uhuru wao mlango huo ulifungwa, na magereza ya Uingereza yakajaa. Serikali ikachagua pwani ya New South Wales. Merikebu 11 za kwanza zilifika huko mwezi wa Januari 1788, na tangu mwaka huo hata 1868 wafungwa zaidi ya 160,000 walihamishiwa Australia, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Wengi hawakurudi makwao tena. Adhabu ilikuwa ya miaka saba, ndiyo, lakini nauli ya kurudi ilikuwa juu ya mfungwa mwenyewe.

Mary alifika Sydney katika merikebu iitwayo Royal Admiral, mwezi wa Oktoba 1792. Umri wake ulikuwa miaka 15. Jambo moja alilolifanya mara tu alipofika limetufaa sana sisi tunaomsoma leo, yaani aliwaandikia barua jamaa zake wa Uingereza. Barua ile haikupotea, imehifadhiwa katika maktaba kuu ya Sydney. Msichana aliyekuwa na kila sababu ya kukatwa na ukoo wake alishika kalamu asikatwe. Nadhani barua hiyo moja yatueleza tabia yake kuliko hesabu zote za mali yake.

Akapewa kazi ya uyaya katika nyumba ya Meja Francis Grose, aliyekuwa mkubwa wa askari. Tarehe 7 Septemba 1794 akaolewa na kijana wa Ireland, Thomas Reibey, mtu huru, aliyekuwa katika utumishi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki. Bibi arusi alikuwa na miaka 17, na kifungo chake kilikuwa hakijaisha. Hilo ndilo jina la tatu.

Mume na mke wakapata shamba kando ya mto Hawkesbury. Waandishi wengi hupita hapo upesi, lakini mimi sipiti upesi. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, kabila la Wadarug, ambao hawakuulizwa neno, na miaka ile kulikuwa na mapigano ya mara kwa mara kando ya mto huo kati yao na walowezi. Gavana aligawa kisichokuwa chake, na watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao wakakaa mahali pa watu wengine waliohamishwa kwa nguvu.

Kutoka mtoni Reibey alianza kusafirisha ngano kwa mashua mpaka Sydney, kisha makaa ya mawe kutoka mto Hunter, kisha ngozi za sili, wale wanyama wa bahari, kutoka visiwa vya kusini. Baadaye merikebu zake zilifika visiwa vya Pasifiki. Alikuwa safarini mara kwa mara, na mkewe ndiye aliyeangalia duka, hesabu na watoto. Mwezi wa Aprili 1811 Thomas akafa, na rafiki yake aliyeshirikiana naye katika biashara akafa muda mfupi baada yake. Mary akabaki na watoto saba, ghala, mashamba na merikebu. Hakuuza. Mwaka uliofuata alifungua ghala jipya katika barabara ya George, na mwaka 1817 akaongeza vyombo vyake vya baharini. Benki ya kwanza ya nchi ile, Bank of New South Wales, ilipofunguliwa mwaka huo huo wa 1817, ilianza kazi katika nyumba iliyopangwa kwake.

Siku hizo Gavana alikuwa Lachlan Macquarie, ambaye aliona kwamba mtu akimaliza kifungo chake na akawa mwema, basi kosa lake limekwisha. Aliwakaribisha watu wa namna hiyo mezani pake. Walowezi matajiri waliokuja huru walichukizwa mno, wakapeleka malalamiko London. Serikali ikamtuma mkaguzi, Bwana Bigge, ambaye katika taarifa zake alimlaumu Gavana kwa jambo hilo. Macquarie aliacha kazi mwaka 1821. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuwa mfungwa, hata awe na fedha kiasi gani, alijua kuwa heshima yake inaning'inia kwenye uzi.

Mwaka 1820 Mary alipanda merikebu na binti zake wawili, Celia na Eliza, wakaenda Uingereza. Alifika Blackburn. Katika kitabu chake cha safari aliandika kwamba hawezi kueleza yaliyompata moyoni alipoingia katika nyumba ya bibi yake alimolelewa, naye akaona kwamba vitu vingi vilikuwa karibu vile vile alivyoviacha kiasi cha miaka 30 nyuma. Jamaa zake wakampokea. Aliondoka pale msichana mtoro, akarudi bibi mwenye mali, na mabinti waliovaa vizuri. Mimi nafikiri safari hiyo haikuwa ya matembezi tu. Binti zake walihitaji kuwaona ndugu zao kwa macho, ili wajue kuwa mama yao ana kwao.

Walirudi Sydney mwaka 1821, na hapo linaanza jambo ambalo lanifurahisha kuliko yote. Mwaka 1828 Serikali ya New South Wales ilifanya hesabu ya watu. Iliandika watu zaidi ya 36,000, na kwa kila mmoja iliuliza umri, kazi, dini, jina la merikebu iliyomleta na mwaka aliofika, na tena kama alikuja huru, kama alikuja mfungwa akamaliza kifungo, au kama alizaliwa kule kule. Watafutaji wa nasaba hukipenda sana kitabu hicho kuliko vingine. Karani alipofika kwa Bibi Reibey, aliandikiwa kwamba bibi huyu alikuja huru, mwaka 1821.

Je, alisema uongo? Lifikirini neno hilo. Ni kweli alifika Sydney mwaka 1821, na ni kweli alifika huru. Kwamba aliwahi kufika mara nyingine, mwaka 1792, hakusema. Kwangu mimi, sioni vigumu kumsamehe. Mwaka 1825 alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa shule ya Free Grammar, naye alikuwa mtu wa kanisa na wa kuwasaidia maskini. Neno moja la karani lingeweza kuwarudisha watoto wake wote nyuma. Lakini kwa mtafutaji anayekiamini kitabu cha Serikali bila kukilinganisha na vingine, neno hilo ni shimo. Angetafuta orodha za abiria wa mwaka 1821, angemwona, angefunga kitabu kwa furaha, wala asingegusa orodha za wafungwa. Ili kumpata Mary mzima lazima daftari la ubatizo la Bury, habari za Stafford, orodha ya Royal Admiral, ile barua na kitabu cha safari viwekwe juu ya meza moja.

Alipozeeka aliacha biashara, akakaa Newtown, karibu na Sydney, akafa huko tarehe 30 Mei 1855. Mjukuu wake, Thomas Reibey, aliyekuwa kasisi kabla ya kuingia katika siasa, alikuwa Waziri Mkuu wa Tasmania mwaka 1876 na 1877. Kwa muda mrefu familia nyingi za Australia ziliendelea kuficha mfungwa wao. Zilisema babu alikuwa baharia, au askari, au zilinyamaza. Siku hizi mambo yamegeuka kabisa, na mtu akimwona mfungwa wa kale katika ukoo wake huwatangazia majirani. Mwaka 1994 sura ya Mary Reibey, mwanamke mwenye miwani na kofia ya kitambaa, ilichapwa kwenye noti ya dola 20 ya Australia.