Dunbar: Mshairi aliyefungwa na sifa zake

Mwaka 1893, watu waliopanda lifti katika jengo moja la ofisi mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, waliuziwa kitabu cha mashairi kwa dola moja. Muuzaji alikuwa kijana mweusi, mwendesha lifti hiyo kwa ujira wa dola nne kwa wiki. Mashairi yalikuwa yake.

Paul Laurence Dunbar alizaliwa mjini humo Juni 27, 1872, mtoto wa wazazi waliopata kuwa watumwa Kentucky. Darasani kwake sekondari alikuwa mweusi pekee. Orville Wright, aliyekuja kurusha ndege pamoja na kaka yake, alisoma naye. Elimu hiyo haikumfungulia mlango wa ofisi yoyote ya maana.

Siku alipotimiza miaka 24, mhakiki mashuhuri William Dean Howells alimsifu katika jarida la Harper's Weekly, na jina lake likavuma nchi nzima. Hata hivyo, Howells alizipendelea tungo za lahaja ya Weusi wa Kusini, ambazo nyingi zilichekesha. Wahariri nao wakazitaka hizo. Tungo za Kiingereza sanifu, alizozithamini mwenyewe, zikapewa kisogo. Mwaka uliofuata Dunbar alikuwa akilalamika kwamba sifa zile zilikuwa zimemdhuru.

Ajabu ni kwamba alikuwa amekwisha kuyatabiri. Shairi lake We Wear the Mask, la mwaka 1895, lahusu watu wanaoficha machozi nyuma ya tabasamu. Halitaji rangi ya mtu, lakini msomaji mweusi wa zama zile hakuhitaji kufafanuliwa. Naye mtunzi akawa anasimama jukwaani, akiwachekesha waliolipa kiingilio ili wacheke.

Mwaka 1898 alimwoa mwandishi Alice Ruth Moore. Miaka miwili baadaye aligundulika kuwa na kifua kikuu, na pombe aliyoinywa kutuliza kikohozi ikamtawala. Alimpiga mkewe, jambo ambalo wasifu wake wa awali haukupenda kuligusa. Ugonjwa wala huzuni haviwezi kulihalalisha. Alice aliondoka mwaka 1902, asirudi tena.

Dunbar alifariki dunia Februari 9, 1906, akiwa na umri wa miaka 33, katika nyumba aliyomnunulia mama yake mjini Dayton. Mama huyo, Matilda, aliishi humo hadi mwaka 1934.